Kutoamini, Kutosadiki na Kukadhibisha: Neno Linalopitwa katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maneno ambayo Kiswahili hutumia kuelezea hali na tendo la kutoamini, na yanaonyesha kwamba kutoamini, kutosadiki, kukufuru na kukadhibisha si maneno yanayoweza kubadilishana nafasi. Hoja kuu ni kwamba uhakiki wetu umeipokea dhana ya Coleridge ya kusimamisha kutoamini bila kuuliza ni kutoamini kwa namna gani kunakosimamishwa. Kwa sababu hiyo umetukosesha usomaji mmoja muhimu wa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert ambayo jina lake lenyewe limeundwa kwa mojawapo ya mizizi inayojadiliwa hapa.

1. Utangulizi

Yeyote anayesahihisha tasnifu za fasihi ya Kiswahili miaka hii amekutana na sentensi ifuatayo au pacha wake: msomaji husimamisha kutoamini kwake ili aweze kuingia katika ulimwengu wa kazi ya kubuni. Wengine huandika kusitisha, wengine kuahirisha, wengine kuweka kando. Kitenzi cha kwanza ndicho kinachobishaniwa katika vyumba vya semina. Neno la pili, kutoamini, hupita bila kuulizwa, kana kwamba kila mtu anajua maana yake.

Asili ya sentensi hiyo inafahamika. Samuel Taylor Coleridge, katika sura ya 14 ya Biographia Literaria iliyochapishwa mwaka 1817, alikuwa akieleza mgawanyo wa kazi baina yake na William Wordsworth walipoandaa Lyrical Ballads ya 1798. Wordsworth alichukua mambo ya kila siku, na Coleridge akachukua watu na visa vya miujiza. Ili mashairi yake yafae, alihitaji msomaji akubali kwa hiari yake, kwa muda tu, kutoyakataa anayosomewa. Hali hiyo aliiita imani ya kishairi. Jambo la kuzingatia ni kwamba Coleridge hakuwa anazungumzia fasihi yote. Alikuwa anatetea aina moja ya shairi mbele ya msomaji wa aina moja: Mwingereza aliyesoma, anayejua kwamba mizimwi haipo, na anayesoma peke yake.

Neno alilolitumia, disbelief, lina historia yake katika Kiingereza. Lilishika katika karne ya 17, wakati unbelief lilikuwa limekwishatumika kwa karne nyingi. Lugha haihifadhi maneno mawili kwa kazi moja kwa muda mrefu bila kuyagawia majukumu, na ndivyo ilivyokuwa hapa. Unbelief likaelekea kwenye ukosefu wa imani, hasa ya dini, na disbelief likaelekea kwenye kukataa: mtu ameletewa habari, ameipima, ameirudisha. La kwanza ni hali ya kutokuwa na kitu, la pili ni tendo dhidi ya kitu kilicholetwa. Tunapoandika kutoamini kwa yote mawili, tumeifuta tofauti ambayo dhana nzima ya Coleridge inaitegemea. Hakuna anayeweza kusimamisha ukosefu. Kinachosimamishwa ni tendo.

Je, Kiswahili hakina namna ya kuitunza tofauti hiyo? Makala haya yanadai kwamba inayo, na kwamba Shaaban Robert aliitumia.

2. Sarufi ya kutoamini

Kamusi za lugha mbili kwa kawaida hutupatia kitenzijina cha kukanusha: kutoamini, au kwa umbo refu kutokuamini. Kiambishi -to- kinachobeba ukanushi humo kinatokana na kitenzi toa, na wanasarufi wa zamani waliandika hata kutoa kuamini kwa maneno mawili. Kwa asili, basi, umbo hili linasema kuondoa kuamini. Lakini maana hiyo ya kuondoa imekwishazimika. Msemaji wa leo anayetamka kutoamini hasikii tendo lolote la kuondoa, anasikia ukanushi mtupu. Umbo refu ndilo lililopendelewa katika Biblia ya Union Version ya 1952, kwa mfano katika sura ya 9 ya Injili ya Marko, ambako baba wa mtoto mgonjwa anakiri imani na upungufu wake kwa pumzi moja. Hapo kutokuamini kunafaa kabisa, kwa sababu baba yule hakatai chochote, anapungukiwa.

Kitenzijina hiki kina udhaifu mwingine ambao wafasiri wa riwaya wanaujua vizuri. Hakikai vizuri kama jina la hisia. Sentensi kama alitazama kwa kutoamini inaeleweka, lakini inanuka tafsiri. Mwandishi mwenye lugha yake husema alikodoa macho asiamini, au alisimama akiwa haamini anachokiona. Katika umbo la kwanza kazi inafanywa na dhamira tegemezi ya kukanusha, asiamini, iliyofuata kitenzi kikuu bila kiunganishi. Ni muundo mzuri sana, na nasikitika kwamba vitabu vyetu vya sarufi vinaupa mistari michache. Unaonyesha kwamba kutoamini, kwa mazoea ya Kiswahili, hakuwi kitu kilichomo ndani ya mtu kama maji katika mtungi. Ni namna ya kutenda jambo jingine: mtu anatazama asiamini, anasikiliza asiamini, anaguswa asiamini.

Tuzingatie sasa mifano hii:

(1) Siamini kwamba Juma ameiba.
(2) Siamini kama Juma ameiba.
(3) Siamini kwamba Juma amefariki.
(4) Simwamini Juma.
(5) Simsadiki Juma.

Mfano wa (1) una maana mbili. Msemaji anaweza kuwa anasema tu kwamba bado hajashawishika, lakini mara nyingi zaidi anasema kwamba Juma hakuiba. Ukanushi uko kwenye siamini, ila nguvu yake inafika kwenye ameiba. Sidhani hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Mfano wa (2), wenye kama mahali pa kwamba, huliacha swali wazi: msemaji hajaamua, au anajifanya hajaamua kwa adabu ya mazungumzo. Kwa hiyo tofauti ya kukosa na kukataa, ambayo Kiingereza kimeiweka katika viambishi vya nomino, Kiswahili kinaweza kuionyesha kwa kiunganishi. Anayetafuta tofauti hiyo katika nomino pekee atahitimisha kwamba haipo.

Mfano wa (3) ni wa namna nyingine kabisa. Mtu anaweza kuusema akiwa msibani, sanda imekwishanunuliwa na kaburi linachimbwa. Hakuna anayemwona kuwa anajipinga. Anajua kuwa Juma amefariki; kilichokawia ni moyo. Kutoamini huku hakukatai habari hata kidogo, na ndiko huku kunakosikika katika siamini! ya mshindi wa bahati nasibu na ya mzazi aliyeona matokeo ya mtihani ya mwanawe. Tukiweka sisadiki mahali pa siamini katika (3), sentensi inageuka. Kwa sikio langu, na kwa masikio ya wasemaji wa Unguja na Mombasa niliowauliza, mtu anayesema sisadiki msibani anaonekana kuwa anambishia aliyeleta habari.

Tofauti hiyo inakaa wazi katika (4) na (5). Simwamini Juma ni hukumu juu ya tabia yake. Ndiyo maana naweza kuongeza: simwamini Juma na fedha zangu. Simsadiki Juma ni hukumu juu ya alichosema, na hapo nyongeza ya fedha haiwezekani. Kuamini kunaelekea kwa mtu na kusadiki kunaelekea kwa usemi. Mtu anaweza kumwamini rafiki yake asimsadiki leo, na hakimu anaweza kumsadiki shahidi ambaye asingemwamini na ufunguo wa nyumba.

3. Imani, kufuru na sadakta

Maneno haya yote yameingia kutoka Kiarabu, lakini yamekaa pwani kwa muda mrefu kiasi cha kuwa na maisha yake. Imani ni mfano mzuri. Kwa mzizi wake ni ndugu wa amana na mwaminifu, na Kiswahili kimelipa maana ya huruma juu ya ile ya dini. Mama anayemwambia jirani yake huna imani, kwa sababu amempiga mtoto kupita kiasi, hamwiti mkana Mungu. Anamwambia kuwa ni katili. Kwa hiyo ukitafsiri ukosefu wa imani katika riwaya bila kuangalia muktadha, unaweza kumgeuza mhusika mwenye shaka kuwa mhusika asiye na huruma. Nimekwishaona jambo hilo likitokea katika tafsiri iliyochapishwa.

Siasa nayo imechukua sehemu yake. Ibara ya 53A ya Katiba ya Tanzania inaruhusu Bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Waandishi wa sheria hawakusema kura ya kutomwamini, na sikio linaelewa kwa nini. Kutomwamini kungekuwa tuhuma juu ya tabia ya mtu. Kutokuwa na imani naye ni kuondoa dhamana aliyopewa, na dhamana si mbali na amana.

Kufuru limekwenda mbali zaidi. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kufunika, na katika lugha ya dini kafiri ni yule aliyeufunika ukweli alioletewa au neema aliyopewa. Maana ya pili ndiyo iliyopata nguvu katika mazungumzo: kukufuru neema ni kukosa shukrani. Kisha magazeti ya Tanzania yakalichukua neno na kulipeleka sokoni, na leo harusi iliyotumia fedha nyingi mno huitwa kufuru, na mchezaji aliyenunuliwa kwa bei ya ajabu ameuzwa kwa bei ya kufuru. Msomaji anaweza kucheka. Hata hivyo uzi haujakatika: kufuru bado ni kuvuka mpaka ambao mtu mwenye shukrani asingeuvuka. Kwa sababu hiyo ukafiri hauwezi kuwa istilahi ya uhakiki. Unabeba hukumu, na hukumu yenyewe si ya akili bali ya adabu mbele ya Mwenyezi Mungu. Wafasiri wa Kurani kwa Kiswahili, tangu Godfrey Dale mwaka 1923 hadi Sheikh Abdullah Saleh Farsy mwaka 1969, walikuwa na sababu nzuri za kulihitaji neno hilo. Mhakiki hana.

Sadiki inabaki karibu na usemi. Jamaa zake ni sadikisha, yaani kushawishi kwa hoja, na sadakta, tamko la kukubali kwamba mwenzako amesema kweli, ambalo mzee wa Mvita bado hulitupa katikati ya mazungumzo kama mtu anayegonga muhuri. Wakatoliki huiita kanuni yao ya imani kwa neno lake la kwanza, Nasadiki, ilhali makanisa mengi ya Kiprotestanti hupendelea kitenzi amini katika kanuni hiyo hiyo. Sidhani kwamba waumini wa pande zote mbili wanaihisi tofauti. Lakini walioteua maneno walikuwa na vitenzi viwili mbele yao, na kimoja ni cha kukiri maneno, kingine ni cha kumtegemea mtu.

Kinyume cha kusadiki si kutosadiki tu. Kipo kitenzi kamili, kukadhibisha, chenye mzizi mmoja na kadhabu, yaani mwongo. Kukadhibisha ni kumhesabu msemaji kuwa amesema uongo, au kuonyesha kwamba alichosema ni uongo. Hakina -to- wala si-. Ni kitenzi cha kutenda, chenye mtenda na mtendwa. Kimezeeka kidogo. Vijana wa Dar es Salaam hawakitumii, ingawa wana maneno yao kwa kazi iyo hiyo: husema hiyo ni kamba, hiyo ni chai, au, kwa neno linalopaswa kumfurahisha mwanafasihi, hiyo ni fiksi. Neno la Kiingereza la ubunifu limefika mtaani likapewa maana ya uongo, na anayeambiwa anapiga fiksi amekadhibishwa kwa ukamilifu. Hadithi nalo lina hatima hiyo hiyo. Kwa wanazuoni ni mapokeo yenye mlolongo wa wapokezi wanaoaminika. Kwa anayedai deni lake na kuambiwa habari ndefu, usiniletee hadithi.

Kwa ufupi wa kiisimu, kukadhibisha ndiko kunakolingana na kile Coleridge alichotaka kisimamishwe. Haya hayatakuwa na maana kubwa iwapo hayatubadilishii usomaji wa kazi yoyote, kwa hiyo nageukia kazi moja.

4. Kusadikika mbele ya baraza

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951. Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria katika nchi iliyo angani, na Karama anajitetea mbele ya mfalme na baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, zikiwamo mbinguni na ardhini, kutafuta yatakayoifaa nchi. Kila mjumbe alirudi na mapendekezo, na kila mmoja alilipwa kifungo. Mwishoni Karama anaachiwa huru, na wajumbe pia.

Usomaji uliozoeleka unasema kwamba nchi ya angani ni vazi. Mwandishi alikuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni, hakuweza kuisema Tanganyika waziwazi, akaiweka juu ya mawingu. Msomaji anaombwa asimamishe kutoamini kwake kuhusu nchi inayoelea, na kama malipo anapewa ukweli kuhusu nchi aliyomo. Sipingi kwamba istiara hiyo ipo. Ninachopinga ni kwamba usomaji huu unakufanya kutoamini kuwe kizuizi mlangoni, ambacho msomaji anakiruka ukurasa wa kwanza kisha anakisahau. Katika kitabu chenyewe jambo hilo halitoki mlangoni. Linakaa katikati ya baraza.

Tuanze na jina. Kusadikika ni sadiki yenye kiambishi cha kutendeka, -ik-, na kauli hiyo ina nyuso mbili: kinachosadikika ni kile kinachoweza kusadikiwa, na pia ni kile ambacho kwa kweli husadikiwa. Ku- ya mwanzo ni ya kitenzijina, ingawa inafanana kwa umbo na ku- ya mahali, nasi hatulazimiki kuamua ipi inasikika zaidi katika jina la nchi. Mwandishi angeweza kuiita nchi yake Kuaminika. Asingepata kitabu hiki. Kuaminika ni sifa ya mtu au mtumishi mwaminifu, na nchi ya Majivuno haina sifa hiyo. Kusadikika ni sifa ya usemi, na kitabu kizima ni usemi mbele ya wasikilizaji wenye uwezo wa kuukataa. Kufikirika, iliyotoka mwaka 1967 baada ya kifo cha mwandishi, imeundwa kwa kiambishi hicho hicho lakini kwa mzizi wa fikiri. Nchi ile inatosha ifikirike. Hii inataka zaidi: inataka kusadikiwa.

Ukurasa wa mwanzo hauifichi hali ya nchi hii kuwa ya mawazo. Hilo peke yake linapaswa kututia wasiwasi kuhusu usomaji wa Coleridge. Msimulizi anayetaka usimkatae hakuambii kwanza kwamba anachosimulia kiko mawazoni. Shaaban Robert analitoa suala la kuwepo kwa nchi mapema kabisa, kwa sababu sio suala lake. Suala lake ni kama ushahidi wa mtu utapokewa.

Sasa wajumbe. Wa kwanza anaitwa Buruhani, na buruhani ni hoja yenye ushahidi. Mwingine anaitwa Amini. Majina ya Shaaban Robert husemwa kuwa ni ya kimafumbo kisha mhakiki huorodhesha maana zake na kuendelea. Tusiendelee upesi. Nchi iliyojiita kwa sifa ya kusadikiwa imemfunga Ushahidi na imemfunga Amini. Haikuwafunga kwa sababu haikuwaelewa, wala kwa sababu ilipungukiwa na imani kama baba wa mtoto katika Injili. Iliwatuma, wakarudi na habari, ikawakadhibisha. Hapa kutoamini ni tendo la dola, lina tarehe, lina adhabu na lina wafungwa. Neno kutoamini, lenye ukanushi mtupu uliozimika, haliwezi kubeba uzito huo. Likitumika, kosa la watawala linapungua na kuwa hali ya moyo, na hali ya moyo haishtakiwi.

Hili linatuonyesha pia kwa nini Karama anashinda kwa namna anayoshinda. Hakuleta jambo jipya. Anasimulia upya ushahidi ambao ulikwishatolewa na kukataliwa, safari hii mmoja baada ya mwingine, mbele ya wasikilizaji wanaolazimika kukaa na kusikia. Wahakiki wengine wameuona muundo huu kuwa dosari: masimulizi yanarudiwarudiwa, wajumbe wanafanana, na msomaji anajua kila mmoja ataishia gerezani. Kama lengo lingekuwa kututeka kwa visa vya safari, lawama hiyo ingekuwa ya haki. Lakini ushahidi mahakamani hurudiwa. Shahidi wa sita haletwi kwa kuwa kisa chake ni kipya. Analetwa kwa kuwa watano hawakutosha, na kila mmoja anayeongezeka unamgharimu zaidi yule anayeendelea kukadhibisha. Marudio yale ndiyo mbinu. Naona hapa Shaaban Robert ni fundi zaidi kuliko tunavyomkubalia tunapomsoma kama mhubiri.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba mwisho ni mwepesi mno: mfalme anasikia, mfalme anaridhika, milango inafunguliwa. Katika Tanganyika ya 1951 ushahidi wa Waafrika haukuwafungulia watu milango kwa urahisi huo. Nakubali kwamba mwisho huo haushawishi. Ila upungufu wake unaweza kutajwa kwa usahihi zaidi tukiwa na maneno yetu. Baraza linageuka kutoka kukadhibisha hadi kusadiki bila kupitia shaka, wakati shaka ndiyo inayomfanya msikilizaji wa kweli aulize maswali. Karama haulizwi maswali ya kutosha.

5. Pakawa

Kuna jambo la pili ambalo istilahi ya Coleridge inalificha. Msomaji wake yuko peke yake, na ridhaa yake ni ya kimyakimya. Hadhira ya ngano ya Kiswahili hairuhusiwi kuridhia kimya. Fanani husema paukwa, hadhira hujibu pakawa. Na pasipo jibu, hadithi haianzi. Hata tukiacha mjadala wa asili ya maneno hayo mawili, kazi yake iko wazi: ridhaa inatamkwa kwa sauti, na wote waliopo wanaisikia. Anayejibu pakawa hajasema kwamba anaamini kuwa sungura alimlaghai simba. Amesema kwamba hatamkadhibisha fanani hadi kisa kiishe. Mtoto akidakia katikati kwamba sungura hawezi kusema, watu wazima hawamjibu kwa hoja. Wanamwambia anyamaze, maana alikwishajibu.

J. R. R. Tolkien, katika mhadhara wa 1939 kuhusu visa vya kimiujiza, alimpinga Coleridge kwa sababu iliyo karibu na hii. Kwake, mwandishi anayefanikiwa hujenga ulimwengu ambao ndani yake msomaji anaamini kikweli, na kusimamisha kutoamini ni kile kinachobaki pale sanaa iliposhindwa. Wanafunzi wetu wangefaidika kumsoma pamoja na Coleridge. Lakini wote wawili wanashughulika na kinachotokea kichwani mwa msomaji. Pakawa inatokea kinywani, na ni ahadi kwa watu waliokaa mkekani.

6. Kuhusu istilahi

Yamependekezwa katika semina maneno kadhaa ya kushika nafasi ya kusimamisha kutoamini. Kuamini kwa hiari ni fupi na linasomeka, lakini linasema mno: msomaji wa Coleridge haamini. Kusadiki kwa ridhaa ni zuri zaidi, na kwa muda mrefu nililipendelea darasani kwa sababu linauelekeza usadiki kwenye usemi. Hata hivyo nalo linamfanya msomaji athibitishe jambo ambalo hajathibitisha. Napendekeza kutokadhibisha kwa ridhaa. Linaitunza hasi ndani ya hasi, ambayo si pambo la Coleridge bali ndiyo dhana yenyewe, na linamweka mbele yetu msemaji anayeweza kukadhibishwa, awe mwandishi, fanani au mjumbe. Wapo watakaosema kwamba kukadhibisha ni neno la misikitini na la utenzi. Ni kweli. Lakini hadithi nalo lilikuwa la huko, na hakuna anayelionea haya.

Istilahi hii haitatosha kila mahali. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), marehemu anamrudia mjukuu wake, K, mtu aliyestarehe ndani ya mfumo wa utawala uliooza. Msomaji wa kawaida wa Kiswahili hana shida kubwa na babu aliyefufuka. Mizimu ni wageni wa zamani katika ngano zetu. Mwenye shida ni K. Anachokikataa si habari, kwa kuwa babu amesimama mbele yake, na hawezi kumkadhibisha mtu ambaye anamwona kwa macho. Wala si mshangao wa yule wa msibani, ambaye moyo wake unachelewa tu. K anajua tangu mapema kwamba akikubali kuwa babu yupo, itambidi ayajibu maswali ya babu kuhusu ofisi, fedha na nchi. Tendo lake liko karibu zaidi na maana ya kale ya kufuru, kufunika neema na ukweli ulioletwa mlangoni. Kwa hiyo neno ambalo nimelikataa hapo juu kuwa istilahi ya jumla linarejea hapa likiwa na haki yake, si kwa ajili ya msomaji bali kwa ajili ya mhusika, na mhakiki wa riwaya hiyo atalihitaji.